Nilipanda Mlima Nikiwa Barazani Tabata

Shemeji yangu alipokuja likizo Desemba ile kutoka Minneapolis, alikuja na masanduku mawili ya kilo 23 kila moja, kama tiketi ilivyoruhusu. Moja lilikuwa la nguo zake na zawadi za watu. La pili, lote, lilikuwa chuma changu. Mke wangu, ambaye ni dada yake wa damu, alilifungua akitafuta viatu vya watoto na manukato, akakuta kitu mfano wa injini ya mashine ya kusaga kimeviringishiwa taulo. Kesi hiyo haijaisha mpaka leo.

Chuma chenyewe ni trena ya baiskeli. Unatoa gurudumu la nyuma, unapachika fremu juu yake, cheni inakaa kwenye kaseti ya mashine, yaani meno ya gia. Ndani kuna gurudumu zito na sumaku za umeme. Ukishaiunganisha na kompyuta kwa Bluetooth, inapokea amri: barabara ya kwenye skrini ikipanda, pedali zinakuwa nzito, ikishuka, zinalegea. Nayo inapima nguvu za miguu yako kwa wati, na wati hizo ndizo zinazomsukuma kikaragosi chako huko ndani ya skrini. Programu tuliyotumia sisi ni Zwift. Kisiwa chake kikuu kinaitwa Watopia, na kwenye ramani halisi wamekiweka juu ya kisiwa kimoja kidogo cha Visiwa vya Solomon. Wenyewe wanasema jina limetoka kwenye wati. Mimi nilipolisikia mara ya kwanza nilifikiri ni kisiwa cha watu waliotopea matopeni, na kwa wiki sita zilizofuata sikuona sababu ya kubadili mawazo.

Nilikuwa na haja nayo. Miezi minne kabla, alfajiri nikitoka Mwenge kuelekea Tegeta, bodaboda iliyokuja upande wangu bila taa ilinigusa usukani. Kugusa tu. Nikavunjika kifundo cha mkono. Plasta ilipotolewa mke wangu hakugomba. Alisema kwamba barabara ya Bagamoyo nimeshaiona, inatosha.

Shemeji alikuwa na kundi lake la watu tisa, Waswahili waliotawanyika: yeye na nesi mwenzake Minneapolis, mama mmoja Mkenya anayeishi Leeds na kufanya kazi ya uhasibu, watatu Nairobi, kijana wa Mombasa, Mzee mmoja aliyezaliwa Unguja na kukulia Muscat, na sasa mimi. Walikuwa wamepanga mbio za hatua sita, Jumamosi sita mfululizo, Januari hadi Februari, muda wa kila mtu unajumlishwa. Idadi ya hatua waliiazima kutoka Julai 2020, wakati Tour de France ilipoahirishwa kwa ajili ya korona na badala yake ikafanyika ya kwenye skrini humohumo ndani ya Zwift, hatua sita katika wikiendi tatu. Saa ya kuanza ilikuwa saa kumi na moja jioni kwangu na Nairobi, kumi na mbili Muscat, saa nane mchana Leeds, na saa mbili asubuhi Minneapolis, ambako shemeji alikuwa anatoka zamu ya usiku na nje ni theluji. Yeye ana haki ya kuendesha baiskeli ndani ya nyumba. Mimi ninaishi Tabata, Januari, digrii 32.

Programu haikuruhusu kuanza bila kujaza uzito. Nikajaza 71. Sikusema uongo hasa. Kilo 71 niliwahi kuwa nazo. Nilikuwa nazo siku ya harusi yangu.

Hatua ya kwanza ilikuwa Tempus Fugit, njia ya jangwani, tambarare kama sinia, kilomita 17 na kidogo kwa mzunguko, mizunguko miwili. Tuliongea kwa Discord, kila mtu na vipokea sauti masikioni, na jambo la kwanza lililosikika kabla ya filimbi lilikuwa shikamoo nane zikimwendea Mzee na marahaba zake zikirudi moja moja, hakumruka mtu. Nilifurahi nikaona hii si mashine tena, hii ni kijiweni. Kisha tukaanza.

Barabarani, bila kujua, nilikuwa nimezoea kupumzika kila mara. Taa nyekundu, daladala imesimama, mteremko wa daraja, kupokea simu. Kwenye skrini hakuna hata kimoja. Ukiacha kunyonga sekunde tano kwenye tambarare, kundi linakuacha, na ukishaachwa unapambana na upepo peke yako. Dakika ya 20 moyo ulikuwa unapiga 152. Dakika ya 40, nguvu ileile ya wati 180, ukapiga 176. Sikuwa nimeongeza kitu. Nilikuwa sebuleni, dirisha moja, feni moja ya mezani iliyokuwa inageuza shingo kama mtu anayetafuta njia ya kutoka. Vigae vilikuwa vimelowa kiasi kwamba niliposhuka niliteleza nikakaa chini, na nilikaa hapohapo muda mrefu.

"Mwanangu," Mzee akaniambia, "nimekusikia unavyohema. Una pangaboi ngapi?"

"Moja, Mzee wangu."

"Moja la nini? Tafuta mawili, moja la usoni na moja la mgongoni. Na utoke humo ndani."

Baadaye alinielewesha vizuri, maana alikuwa mhandisi wa mambo ya mafuta kabla hajastaafu. Mwili wa mwendesha baiskeli unageuza takriban robo tu ya nishati unayochoma kuwa mwendo. Zinazobaki zote ni joto. Ukinyonga wati 200 unazalisha joto la kama wati 600, sawa na kukaa na pasi tumboni. Barabarani upepo unaopita unalifuta jasho na joto linaondoka nalo. Ndani jasho linakutiririka tu, na jasho linalotiririka bila kukauka halipoozi kitu. Moyo unalazimika kupeleka damu kwenye ngozi na kwenye misuli kwa wakati mmoja, ndiyo maana mapigo yanapanda na wewe hujaongeza kasi. Kuanzia siku hiyo niliacha kuhesabu vilima vya njia. Nikawa nahesabu feni.

Hatua ya pili, London, niliifanyia barazani. Feni mbili, ndoo ya maji ya barafu, taulo shingoni, madafu mawili yameshafunuliwa. London ya Zwift inapita katikati ya jiji, inaingia chini ya ardhi na kukutoa kule mashambani kwenye Box Hill, kilima kilichotumika kwenye Olimpiki ya 2012. Kusema kweli kilima hicho sikukiona vizuri, kwa sababu hatua ya pili ndiyo siku ambayo watoto wa majirani waligundua kuwa kuna mtu mzima anaendesha baiskeli haiendi.

Walianza wawili, wakawa saba. Walijipanga kwenye ngazi.

"Anko anaenda wapi?"

"Haendi. Ameifunga."

"Sasa mbona anatoka jasho?"

Mkubwa wao, wa darasa la tano, alizunguka akaitazama skrini, akarudi kuwaelezea wenzake kwamba Anko yuko Ulaya lakini miguu ndiyo iko hapa. Tangu hapo wakawa mashabiki wangu. Walishangilia vibaya, wakati mwingine wakimshangilia mtu aliyekuwa ananipita, lakini walishangilia. Na niliona jambo ambalo vipimo vya mashine vililithibitisha: wakiwepo, wati zangu zilipanda kwa kumi hivi. Wakiitwa nyumbani kuoga, zilishuka.

Siku hiyo nilimaliza wa nne. Kwenye Box Hill nilimpita mama wa Leeds na vijana wawili wa Nairobi, watu wanaofanya mazoezi mwaka mzima. Shemeji akasema, "Shem, kumbe una miguu!" Nikanyamaza. Sifa usiyoistahili ni tamu, na utamu wake una harufu fulani.

Hatua ya tatu, mzunguko wa Volcano, luku iliisha. Simlaumu mtu, ni mimi niliyeambiwa asubuhi ninunue. Feni zilinyamaza kwanza. Pedali zikawa kama zimekatika, ruta ikazima, kikaragosi changu kikasimama na mguu mmoja chini kando ya lava. "Ameishiwa mafuta," mtoto mmoja akatoa taarifa. Nikanunua umeme kwa simu na kwenda kwenye mita kuingiza tarakimu 20 kwa vidole vilivyolowa. Mara ya kwanza nilikosea ya mwisho. Mara ya pili sijui nilikosea ipi. Umeme uliporudi wenzangu walikuwa wameshamaliza na wanaulizana mtu anakula nini.

Kanuni yetu iliruhusu kurudia hatua kabla ya Jumanne, kwa hiyo Jumapili saa kumi na moja alfajiri niliirudia, peke yangu. Nilijua kwa maneno kwamba ndani ya kundi, ukijibana nyuma ya mwenzako, unatumia nguvu pungufu kwa mwendo uleule. Programu inaigiza kivuli cha upepo kama ilivyo barabarani. Alfajiri ile nilijua kwa mapaja. Wati zangu zilikuwa nzuri kuliko wiki iliyotangulia na bado mwendo ulikuwa wa mtu anayepeleka maziwa. Hakuna wa kujificha nyuma yake, hakuna shikamoo, hakuna watoto. Jogoo tu, na mimi nikizunguka ndani ya mlima wa moto.

Hatua ya nne ilikuwa Innsbruck na sina la kuieleza zaidi ya kwamba niliikamilisha. Kilichotokea baada yake ndicho kilichokuwa kizito. Kwanza usukani wa baiskeli ulianza kukwama. Nikaipeleka kwa fundi, akafungua shingo, akanyanyua kichwa, akaniuliza kama niliizamisha baharini. Gololi zilikuwa zimeoza kwa kutu. Jasho, la wiki nne tu, lilikuwa linadondoka usukanini na kujipenyeza kwenye beringi. Hakuniamini. Alinibadilishia gololi, akapaka grisi, na kunionya niache kupita ufukweni. Siku hizi natandika taulo juu ya usukani, na nikimaliza naifuta baiskeli yote kwa kitambaa cha maji baridi.

La pili ni mazungumzo. Jumamosi hiyo, tukiwa tunapoa, Mzee alianza kutusimulia kuhusu Ubingwa wa Dunia wa kwanza wa mbio hizi za skrini, Desemba 2020, wanawake wakishindwa wote na Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini, Mwafrika mwenzetu. Akaeleza kwamba kwenye mashindano makubwa ya huko, mtu hatakiwi tu kujaza uzito. Anajipiga video akiwa amesimama juu ya mzani. Maana programu haikuoni. Inachukua wati zako, inagawa kwa kilo ulizoitajia, na kwenye kilima jibu la hesabu hiyo ndilo mwendo wako. "Ukipunguza kilo kwa kalamu," alisema, "umejisukuma mwenyewe mgongoni."

Hakuwa ananisema. Nina hakika hakuwa ananisema. Lakini sikulala vizuri.

Jumatatu, stendi, nilimkuta kijana mwenye mzani. Nikavua viatu, nikatoa simu mfukoni, nikatoa na funguo. 82.4.

"Mzani wako mbovu," nikamwambia.

"Panda tena, bosi. Hiyo ya bure."

82.4.

Hesabu nilizifanya kwenye daladala. Kabla ya mbio shemeji alinipimia kizingiti, yaani nguvu unazoweza kushikilia kwa kama saa nzima: unanyonga dakika 20 kwa nguvu zako zote, unachukua asilimia 95 ya wastani. Nilipata wati 200. Kwa kilo 71 hiyo ni 2.8 kwa kilo. Kwa 82 ni 2.4. Kwa madaraja ya zamani ya Zwift, ya A hadi D, nilikuwa C kwenye karatasi na D kwenye mzani, na Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa hatua ya tano, Alpe du Zwift. Kwenye tambarare uzito hausumbui sana. Alpe ni kilomita 12.2 za kupanda, mita 1,036 kwenda juu, kona 21, nakala ya Alpe d'Huez ya Ufaransa. Wazoefu hukadiria kwamba ukitaka kuimaliza kwa saa moja unahitaji kama wati 3.2 kwa kila kilo. Pale uongo wa kilo 11 ungekuwa na thamani ya kama dakika 11.

Nilimtumia shemeji ujumbe: "Shem, nina jambo."

"Umeuza trena?"

Nilipomweleza alikaa kimya kwa muda uliotosha mtu kuandika na kufuta. Halafu: "Waambie mwenyewe. Usinitume mimi."

Niliandika kwenye kundi letu, aya fupi, sikujitetea. Mhasibu wa Leeds, ambaye ndiye aliyekuwa anatunza jedwali, hakunitukana wala kunipongeza. Aliniwekea nyota mbele ya jina, na chini akaandika: hatua nne za mwanzo kwa uzito usio sahihi. Ilikaa hapo kama muhuri. Ndipo likatokea ambalo sikulitegemea. Usiku huohuo mmoja wa Nairobi aliomba naye nyota. Asubuhi, kijana wa Mombasa. Mzee, ambaye alikuwa anaongoza kwa mbali, alituma picha bila maneno: miguu yake miwili mikavu juu ya mzani, 64.0, na pembeni gazeti la siku hiyo.

Sasa Alpe. Wengi huniuliza kama mlima wa skrini ni mlima kweli. Kuna kipimo ndani ya Zwift kinachoamua trena ibane kiasi gani kwenye mwinuko; inakuja ikiwa asilimia 50, na wapo wanaodhani kuipunguza ni wizi. Si wizi. Wati za kukufikisha juu ni zilezile. Kinachobadilika ni jinsi pedali zinavyogeuka uzito, kama mtu aliyeongezewa gia. Niliiacha kwenye 50.

Kona zinahesabiwa kurudi nyuma, kutoka 21. Nilipofika ya 17 wote walikuwa wameshanipita isipokuwa mmoja, na wawili kati ya walionipita ndio niliowapita mimi kule Box Hill. Mama wa Leeds alipokuwa ananipita alisema tu, "Pole pole, ndugu yangu, mlima hauhami." Nilikuwa na wati 170, nguvu halali kabisa kwangu katika joto lile, na namba ya mwendo ilikuwa kilomita nane kwa saa. Wanaotembea kwa haraka wananikaribia. Kona ya 12 jua lilikuwa linashuka Tabata, mbu wameanza kufika, barafu ya ndoo imeyeyuka. Niliweka chumvi na sukari kwenye maji kama tulivyofundishwa kliniki kwa watoto wanaoharisha, na kwa kweli ilinisaidia kuliko vinywaji vyote vya bei nilivyojaribu.

Mzee alikuwa ameshamaliza zamani. Nilisikia wenzake wakiaga mmoja mmoja kwenye Discord. Yeye hakuaga. "Mimi napoza miguu tu huku," alisema, na akaanza kunisimulia jinsi babake alivyomfundisha baiskeli kwenye uwanja wa Mnazi Mmoja, Unguja, baiskeli ya fremu ndefu kiasi kwamba mtoto alilazimika kupitisha mguu chini ya bomba na kunyonga kwa upande. Ilimchukua kona saba kusimulia. Sidhani kama kisa kilikuwa kirefu hivyo.

Saa moja na dakika 31. Ukifika kileleni programu inakuzungushia gurudumu la bahati ikupe zawadi. Mimi lilinipa glavu.

Hatua ya sita tulikimbia Richmond, Virginia, njia ya ubingwa wa dunia wa 2015. Kwa jumla nilikuwa wa nane kati ya tisa, na wa tisa alikosa hatua mbili kwa ajili ya zamu za usiku. Mzee alishinda. Nyota yangu haikufutwa, nilimwomba mhasibu aiache.

Kitu ninachokikumbuka zaidi cha siku hiyo kilitokea kabla hatujaanza. Nilikuwa nafunga viatu, feni zimeshawashwa, umeme umenunuliwa tangu Ijumaa. Yule wa darasa la tano alikuja na kundi lake, akaitazama skrini kwa makini.

"Leo wapi, Anko?"

"Marekani."

"Unarudi saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu hivi."

Akawageukia wadogo zake akawaambia wakae vizuri kwenye ngazi. Kisha akanirudia, kwa sauti ya chini, ya mtu anayejua kuomba:

"Utuletee zawadi."